Utafiti wa dawa mpya ya sonona: dawa ya zamani iachwe lini?

mwandani
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya utafiti wa kitabibu. Mtu anatumia venlafaksini kwa ajili ya sonona, na nafuu yake ni ya nusunusu. Ameitwa kupimwa kama anafaa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya wa wiki 8. Je, aache dawa kabla ya siku hiyo? Akiangukia kundi la kidonge kisicho na dawa, itakuwaje? Na yale maswali ya alama, ayajibu vipi ili asikataliwe?

tulizo
Mkuu, asiache chochote kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Watu wengi huumia hapo. Mtu anasikia kwamba hatakiwi kuwa na dawa nyingine mwilini, anakata dawa mwenyewe nyumbani, halafu akifika anakataliwa kwa sababu ya tezi ya shingo au majibu ya ini. Amebaki hana dawa ya zamani wala mpya, na hakuna daktari anayemfuatilia.

Fomu ndiyo ya kwanza. Aichukue, aende nayo nyumbani, aisome, arudi na maswali, asaini, ndipo damu itolewe. Kama utafiti unataka dawa ya zamani itoke mwilini, daktari wa utafiti ndiye anayepanga jinsi ya kushusha dozi hatua kwa hatua, akielewana na daktari wake wa kila siku. Venlafaksini hutoka mwilini haraka, kwa hiyo ikikatwa ghafla, kizunguzungu, jasho, kichefuchefu na ile hali kama shoti ya umeme kichwani huanza ndani ya siku chache. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ni kinyume: hukaa mwilini muda mrefu sana, hata kuhamia dawa za kundi la MAOI (dawa za sonona za aina ya zamani) husubiriwa wiki 5. Ratiba ya mwenzako haikufai.

Shida nyingine ni kwamba dalili za kukatwa dawa zinafanana na ugonjwa uliorudi. Mara nyingi za kukatwa dawa huja upesi, pamoja na kizunguzungu na zile shoti. Ugonjwa hurudi taratibu, wiki baada ya wiki. Kipimo cha mwanzo kikichukuliwa katikati ya siku hizo, alama zinapanda, na zikishuka baadaye dawa mpya inasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Aulize pia kama dawa mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani au inaongezwa juu yake. Kwa mwenye nafuu nusunusu, tafiti nyingi huongeza. Huko, kugusa dozi ya sasa kunaweza kumtoa kabisa, kwa sababu hutakiwa iwe haijabadilika kwa wiki kadhaa.

kipimo_sahihi
La alama nalijibu mimi: aseme kweli, hata kama kweli itamtoa.

PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona, ina maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na inauliza wiki 2 zilizopita tu. Anayepandisha majibu ili aingie anaanza juu kuliko hali yake, kisha wiki ya pili anashuka bila dawa kufanya kitu. Hapo dawa nzuri inaweza kuonekana haina faida, maana makundi yote mawili yameshuka pamoja.

Swali la 9 ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Tafadhali, lisifichwe. Jibu lolote zaidi ya 0 linatakiwa lifuatwe na mazungumzo siku hiyohiyo, na si lazima liwe mwisho wa kushiriki. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo za dawa yoyote ya sonona.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni usingizi. Kipimo kingine cha sonona, cha Hamilton chenye vipengele 17, kinatenga vitatu kwa usingizi pekee: kuchelewa kulala, kukatika usiku, kuamka mapema. Mtu akiulizwa hujibu “silali”, na jibu hilo halina alama. Aweke karatasi kando ya kitanda, asubuhi aandike: taa ilizimwa saa ngapi, aliamka mara ngapi, usingizi ulikwisha saa ngapi. Siku 7 zinatosha.

mwandani
Asanteni sana. Na kwa mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) aliye kwenye dawa ya lithiamu, mambo ni yaleyale?

tulizo
Hapana, huko ni hatari zaidi. Lithiamu ikikatwa ghafla, mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, inaweza kurudi mapema na kwa nguvu. Ikibidi kuacha, hushushwa kwa angalau wiki 4, ikiwezekana hadi miezi 3. Utafiti unaotaka iachwe upesi auhoji kweli kweli. Ataje pia kila dawa ya maumivu: ibuprofeni hupandisha lithiamu kwenye damu.

Na asifiche historia ya mania ili aingie utafiti wa sonona. Dawa ya sonona bila kitu cha kuizuia mania inaweza kumrusha juu.

kando_ya_meza
Kuhusu kidonge kisicho na dawa: kwenye tafiti za sonona, karibu theluthi moja ya wanaokipata, au zaidi kidogo, hupata nafuu ya maana. Kutembelewa mara kwa mara, kusikilizwa na mwenendo wa ugonjwa wenyewe huchangia. Lakini wapo wanaozidiwa, kwa hiyo kwenye fomu atafute vitu vitatu: alama zikipanda kiasi gani anatolewa na kutibiwa, nani anapokea simu usiku, na baada ya wiki 8 anapata dawa gani. Kama la tatu halijaandikwa, aombe liandikwe kabla ya kusaini. Kujitoa ni haki yake siku yoyote, bila kupoteza matibabu ya kawaida. Ila hata akijitoa asikate vidonge ghafla.

Apewe kadi ya utafiti na akae nayo. Akifika hospitali nyingine amezidiwa, kwa kadi hiyo wataweza kuomba siri ya yuko kundi gani ifunguliwe wajue anameza nini. Na chupa arudishe zote, hata tupu, na vidonge vilivyobaki asivimwage kuficha siku alizosahau. Dozi iliyosahaulika ikiandikwa kwa tarehe, utafiti unaweza kuihesabu.