Naomba ushauri: kuzoea amri za Linux baada ya miaka mingi ya Windows

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa kuwa Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zangu mbili za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, nimeweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Kuchapa kunakwenda vizuri. Kinachonitatiza ni kuandika amri. Vidole bado vinaandika "copy" na "del" za Windows mahali pa "cp" (kunakili) na "rm" (kufuta) za Linux. Juzi nilitafuta "barua.odt", kompyuta ikasema haipo, kumbe niliihifadhi kama "Barua.odt", na Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Lililoniumiza zaidi ni kufuta folda ya mwanafunzi kwa "rm -r" nikidhani nitaikuta kwenye kapu la taka. Haikuwamo, kwa sababu amri hiyo haipitishi kitu huko, nami nikakesha nikimchapia upya kurasa 40. Alikuwa ameniamini.

Naomba waliopitia njia hii wanielekeze nianze na amri zipi. Je, ni busara kutumia "alias", yaani jina mbadala la amri, ili "del" iite "rm -i", inayouliza kabla ya kufuta, au nitachelewa kuzoea? Na maelezo ya "man" (mwongozo wa amri uliomo kwenye kompyuta), ambayo kwangu ni Kiingereza kizito, mliyasomaje mpaka yakaeleweka?