Kujitolea kupigia picha familia zenye watoto wanaougua sana: nijiandae vipi?

Mwangaza
Habari zenu. Kazi yangu ni picha za harusi na familia. Nataka kujitolea kupiga picha bure kwa familia zenye mtoto anayeugua sana, wodini na nyumbani. Nina kamera inayoweza kupiga bila mlio, lenzi ya 35mm na ya 85mm, na flashi mbili. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: naanzia kwa nani, nabeba nini, naseti vipi kamera kwenye taa za wodi, na kitu gani huharibika ambacho mpiga picha wa harusi hakitegemei? Na je, mirija na mashine niiache kwenye picha au niikwepe?

Fundi Lenzi
Hongera kwa moyo huo. Nitajibu upande wa kamera.

Flashi ziache nyumbani. Zinamshtua mtoto aliyechoka, na wodi nyingi hazitaziruhusu. 85mm nayo haitakusaidia sana, maana chumba ni kifupi na ukirudi nyuma kutafuta nafasi utagonga stendi ya dripu. 35mm inatosha. Zima mlio wa kufokasi na ile taa ndogo inayowaka mbele ya kamera kwenye giza. Watu husahau hiyo taa, nayo inammulika mtoto usoni.

Sasa kinachowaangusha wengi: kupiga kimyakimya chini ya taa za umeme. Taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde kama umeme ni wa 50 Hz, mara 120 kama ni wa 60 Hz. Jicho halioni. Lakini shata ya kielektroniki (ile inayopiga bila mlio) inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa na nguvu na mingine ikiwa imefifia. Matokeo yake ni mikanda ya giza inayokatiza uso wa mtoto, na kuisafisha kwenye kompyuta ni mateso. Dawa yake ni kasi ya shata ya sekunde 1/50 au 1/100 kwa umeme wa 50 Hz, 1/60 au 1/125 kwa 60 Hz, ili kila mstari upate mpepeso mzima. Kuna taa za LED zinazopepesa kwa mwendo wake zenyewe, kwa hiyo kabla ya kumgeukia mtoto piga ukuta mweupe, kuza picha, uangalie. Mikanda ikibaki, rudi kwenye shata ya kawaida, au muombe muuguzi azime taa ya juu mtumie dirisha.

Dirisha likiwepo, kazi imekwisha nusu. Simama mahali ambapo mwanga unaingia ubavuni mwa uso, usitoke nyuma ya kichwa. Uwazi wa lenzi uwe f/2 kwa mtoto peke yake, f/2.8 hadi f/4 akiwa na mzazi shavu kwa shavu, la sivyo mmoja atakuwa ukungu. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200 hata 6400 usiiogope: chembechembe zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Kwa 1/100 piga tatu tatu mfululizo, moja itatulia.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Pazia la buluu na ukuta wa kijani hurudisha rangi yake kwenye ngozi, na kamera ikijichagulia rangi yenyewe mtoto huonekana mgonjwa kuliko alivyo. Shuka jeupe lililo kwenye mwanga uleule linaweza kukupa kipimo cha rangi cha kuanzia, kisha rekebisha kwa macho. Kwa kichanga aliye chini ya taa ya buluu ya kutibu manjano, usitegemee kuokoa rangi baadaye: buluu inajaa hadi kupasuka huku nyekundu haina kitu. Muulize muuguzi kama taa huzimwa wakati wa kunyonyesha, upige hapo. Ikishindikana, punguza mwanga hadi buluu isipasuke, ugeuze picha iwe nyeusi na nyeupe.

Dada wa Zamu
Naongezea ya usalama, maana haya hayafundishwi kwenye picha.

Ukiwa na mafua, hata koo linalowasha tu, usije. Mtoto aliye kwenye dawa za saratani kinga yake inaweza kushuka kabisa, na kikohozi chako chepesi kikamrudisha chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya kupiga vua pete na saa, nawa kwa sabuni sekunde 20 unapoingia, na tena kila unaposhika simu au begi. Mwili wa kamera futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya asilimia 70. Usinyunyizie moja kwa moja, na kioo cha lenzi usikiguse nayo. Begi lisikae kitandani wala sakafuni.

Mkanda wa kamera uzungushe mkononi. Ukining'inia, ukiinama tu unanasa mrija. Na mrija wowote usiusogeze hata kwa kidole, muite muuguzi. Mashine ikilia, shusha kamera na urudi ukutani bila kungoja kuambiwa.

Familia zikipanga sherehe ndogo huleta keki na mishumaa. Penye oksijeni hakuna moto, hata mshumaa mmoja. Waambie mapema ili wasivunjike moyo mbele ya mtoto.

Uliza pia saa za dawa ya maumivu. Dawa ikishafanya kazi, kupiga kwa dakika 20 hadi 30 kunatosha. Kwa hiyo picha ya wote pamoja ndiyo ya kwanza. Ukiiweka mwisho, mtoto atakuwa amelala.

Bi Ridhaa
Kuhusu pa kuanzia: usimfuate mzazi korido. Nenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali au timu ya tiba shufaa (wanaotuliza maumivu na kusaidia familia za wagonjwa mahututi), wao ndio wanaojua familia gani inataka. Marekani kuna mashirika mawili ya kujifunzia: Flashes of Hope, lililoanza Cleveland mwaka 2001 kwa watoto wenye saratani, na Now I Lay Me Down to Sleep, lililoanza Colorado mwaka 2005 kwa wazazi wanaofiwa na kichanga. Hizo ni kazi mbili tofauti. Amua mapema uko tayari kwa ipi.

Ridhaa ziwe mbili kwenye karatasi: ya kupiga, na ya kuonyesha watu wengine. Mzazi akitia saini ya kwanza tu, picha haiendi popote, hata kwenye ukurasa wako wa kazi. Na mtoto aulizwe mwenyewe. Akigeuza uso ukutani, amejibu.

Kabla ya kukabidhi kagua bangili ya mkononi, ubao wa kitanda, kioo cha mashine na mtoto wa kitanda cha jirani. Futa pia alama ya mahali iliyofichwa ndani ya faili.

Mwangaza
Asanteni sana, wote. Na mirija ya usoni?

Bi Ridhaa
Muulize mzazi, usiamue wewe. Wengine wanataka uso mtupu, wengine wanaona mrija ule ndio ushahidi wa mapambano ya mtoto wao. Ukihariri, wape zote mbili. Kipele au tapishi kwenye nguo ondoa. Kovu na upara ni vyake, viache. Piga pia kwa karibu: vidole vya mtoto vimekamata kidole gumba cha baba, plasta ya sindano imekunjamana pembeni. Na mama mtoe nyuma ya simu, maana kwenye picha za nyumbani mara nyingi yeye hayumo.

Fundi Lenzi
Picha 25 hadi 40 zinatosha, ndani ya wiki. Tano zitoke usiku uleule kwa sababu wiki inaweza kuwa ndefu mno. Za kuchapisha ukubwa wa sentimeta 10 kwa 15 zisipungue pikseli 1200 kwa 1800. Weka nakala mahali pawili kabla ya kufuta kadi. Mtoto akifariki kabla hujakabidhi, usitume kiungo kwenye simu ya mama. Mpigie aliyekuunganisha na familia, akuambie nani apokee na lini.