Drayva ya mfumo wa faili: Linux inakubali, FreeBSD inapaniki

mkomani_kodi:
Assalaam aleykum wakubwa. Niko Lamu, nina drayva ya mfumo mdogo wa faili nimeiandikia Linux na iko sawa, sasa naipeleka FreeBSD, mfumo endeshi mwingine. Nimebadilisha majina ya fankshoni, mutex_lock (ya kushika loki, nyuzi mbili za programu zisiguse data moja kwa pamoja) ikawa mtx_lock, inakompaili bila neno, faili moja inakopi vizuri lakini nikikopi mbili kwa pamoja tu, kerneli (moyo wa mfumo endeshi) inaanguka na kuandika panic: sleeping thread. Shida nini?

fundi_shela:
Waaleykum salaam. Ni hiyo mtx. Mutex ya Linux waweza kulala nayo ukingoja diski, ya FreeBSD hapana, ukiishika kisha ukaita bread() ya kusoma diski, uzi wa pili ukija kuitaka loki kerneli yaanguka. Weka sx, loki ya FreeBSD unayoweza kulala nayo. Na uwashe WITNESS, mkaguzi wa loki, kwenye kerneli ya kujaribia, itakuonyesha mstari wenyewe badala ya kukisia.
Loki ni mwanzo tu lakini. Linux inakupa inodi (rekodi ya faili) na dentri (jina la faili na inodi yake) na kache ya majina inajishughulikia yenyewe, FreeBSD inakupa vinodi (vnode, kiwakilishi cha faili ndani ya kerneli), lookup inayotafuta jina lazima irudishe vinodi ikiwa imelokiwa, na cache_enter ya kuweka jina kwenye kache unaita wewe. Hapo majina hayakusaidii, fikra yenyewe ni nyingine.

bahari_dev:
Mimi ningeandika leya ya kuigiza Linux, nibaki na kodi yangu kama ilivyo. Mfumo wa faili wa XFS ulipotoka IRIX, mfumo endeshi wa zamani, kuja Linux ulikuja na vinodi zake za kuigiza, na ZFS, mfumo mwingine wa faili, ikaja na SPL, leya yake ya kuigiza kerneli ya Solaris.

fundi_shela:
Na hizo vinodi za XFS si waliishia kuzing'oa bwana! ZFS sawa, ni kubwa mno huwezi kuiandika upya, na tangu OpenZFS 2.0 (ZFS ya kodi huria) mwaka 2020 Linux na FreeBSD wanatumia kodi moja, ila angalia walivyoipanga, kiini kando na mambo ya kila kerneli kando. Fanya hivyo.

binti_langoni:
Kama spidi si shida kwa nini usitumie FUSE, ya kuendesha mfumo wa faili kama programu ya kawaida nje ya kerneli? Iko pande zote mbili, ikianguka imeanguka programu tu, mashine haifi. Ya kerneli huku kwetu hata hujaipaniki, stima imekutangulia 😂

mkomani_kodi:
Dada FUSE nitaiweka akiba, hii nataka ndani ya kerneli. Sx imekubali, faili mbili zapita. Sasa umount, ya kuutoa mfumo wa faili, ndiyo inagoma, yasema bizi na hakuna faili iliyo wazi.

fundi_shela:
Kuna vinodi umeishika hukuiachilia. Pitia kila mahali lookup inaporudisha kosa, utakuta vput, ya kuiachilia vinodi, umeisahau.