Wauzaji wa pinde, mtawaumiza watoto wa watu! Tuliagiza paundi 25, tukaletewa 50

Wanajamvi, nina hasira na sitaificha. Moderata naomba uzi huu uachwe, sijamtaja mtu jina wala duka.

Mpwa wangu yuko Kisumu, ana miaka 17. Alijiwekea akiba kwa vibarua vya likizo ili anunue upinde wa rekavu (wenye ncha zilizopinda kwenda mbele), ule unaofunguka vipande vitatu: mpini wa katikati na mabawa mawili. Mimi niko Nakuru, kwa hiyo muuzaji nilizungumza naye kwa simu. Nilimweleza wazi kwamba kijana ndiyo kwanza anaanza, ni mrefu, ampe mabawa ya paundi 25 (yaani nguvu ya kuuvuta), yakizidi sana 30, na upinde wenyewe uwe wa inchi 66. Akajibu "sawa mkubwa". Pesa zikaenda kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Mzigo ulipofika, mabawa yameandikwa paundi 50 na upinde ni wa inchi 58.

Kumpigia, ananiambia huo ndio upinde wa mwanaume, atazoea.

Atazoea nini? Paundi zinazoandikwa kwenye bawa hupimwa mvuto, yaani umbali unaouvuta upote, ukiwa inchi 28. Ukivuta zaidi ya hapo, kila inchi inaongeza paundi mbili hadi tatu hivi. Kijana huyu akinyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni inchi 75. Gawanya kwa 2.5, unapata mvuto wa inchi 30. Kwa hiyo ile 50 mikononi mwake inakaribia 55. Na kwa sababu upinde ni mfupi, mwisho wa mvuto unakuwa mgumu ghafla na upote unambana vidole kwa ile kona kali. Hafiki hata kidevuni. Anatetemeka, anainua bega hadi sikioni, anarudisha upote kabla hajalenga chochote. Sasa bega linamuuma hata akibeba ndoo ya maji, na mamake ananiuliza mimi huu ni mchezo gani niliomwingiza mtoto.

Mtu akianza na upinde unaomshinda, mwili unajifunza kukwepa maumivu, na zile tabia za kukwepa zinakaa miaka. Anayeanza na 25 anavuta taratibu, anatulia, anajua mgongo wake unafanya kazi gani. Akishaweza kupiga mishale mingi bila kutetemeka, anapanda paundi tano hivi. Ndiyo maana upinde wa kufungua ulitengenezwa! Unabaki na mpini wako, unabadilisha mabawa tu. Samick Sage ulipendwa dunia nzima kwa sababu hiyo: inchi 62, mabawa kuanzia paundi 25 hadi 60, mpini ni ule ule.

Na hapa ndipo damu inanichemka zaidi. Nilimwambia muuzaji basi, mpini tunabaki nao, tubadilishie mabawa tu. Akasema mabawa mepesi hana na hayaagizi, ninunue upinde mwingine mzima. Kumbe ule mpini hata jina la kiwanda hauna, na matundu ya bolti yako mahali pake peke yake. Tumejaribu mabawa ya rafiki yangu, hayakai. Kuna mfumo wa ILF, ambao mpini wa kampuni moja hupokea mabawa ya kampuni nyingine. Kuna pia pinde za bolti za kawaida ambazo mabawa yake yanapatikana kwa wingi. Huu sio huo wala ule. Mmemuuzia mtoto upinde unaofunguka lakini hauna cha kubadilisha, halafu kwenye tangazo mmeandika "unakua na wewe". Huo ni uongo mtupu.

Sijamaliza. Kwenye kifurushi wameweka mishale ya kaboni namba 1000. Kwa wasiojua: kwenye kaboni, namba ikipanda mshale unakuwa laini zaidi. 1000 ni ya watoto na pinde nyepesi sana. Ukiusukuma kwa paundi 55 unapinda kupita kiasi, na ukiwa na ufa unaweza kupasuka wakati wa kuachia, vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Nilimwambia mpwa wangu asiguse hata mmoja. Muuzaji aliyeifunga pamoja na mabawa ya 50 ama hajui kazi yake, ama anajua na hajali, na sijui lipi ni baya zaidi.

Kamba ya kupandishia upote hakuweka. Alimfundisha kijana apitishe mguu katikati ya upinde aukunje kwa paja. Hivyo ndivyo bawa linavyojipinda upande. Akamwambia pia afanye mazoezi kwa kuvuta na kuachia bila mshale! Nguvu yote inayopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye mabawa, yanaweza kupasuka usoni mwa mtu. Halafu yakipasuka, waranti hakuna.

Eti na swala anaangusha, alimwambia hivyo kumshawishi. Swala gani, wale wa hifadhi ya Impala pale Kisumu? Uwindaji nchi hii ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito. Unamwambia mtoto wa shule maneno hayo ili umuuzie mabawa mazito yaliyokukalia dukani?

Na watu wasiniambie huu ni mchezo wa wazungu. Mkenya Shehzana Anwar alitulengea upinde Olimpiki ya London 2012 na Rio 2016, na Rio ndiye aliyebeba bendera yetu. Huku magharibi upinde ni wetu tangu mababu, uliza Wasabaot wa Mlima Elgon au Wakuria. Vijana wanaoutaka wapo. Wanakatishwa tamaa mapema na watu wanaouza paundi kama wanavyouza viazi.

Kama unanunua sasa hivi, usitume hela kabla hujapigiwa picha ya maandishi yaliyo kwenye bawa la chini, maana pale ndipo paundi na urefu huandikwa. Sema pia unavuta kwa mkono gani. Upinde wa mkono wa kulia hushikwa kwa kushoto na kuvutwa kwa kulia, na nimeona watu wameletewa kinyume.

Kwako muuzaji, najua utausoma uzi huu kwa sababu uko humu. Mzigo umefungwa tena kama ulivyokuja, mishale haijapigwa, ujumbe wako wa "sawa mkubwa" ninao. Rudisha pesa zote pamoja na nauli ya kifurushi, au leta inchi 66, paundi 25 tulizoagiza. Mabawa ya 40 eti "tukutane katikati", uliyonipendekeza jana, sitaki.

Na aliye na mabawa ya ILF ya paundi 24 hadi 28, Nakuru, Kisumu, Kakamega au Eldoret, hata yaliyotumika mradi hayajajipinda, aniandikie inboksi. Nitakuja kuyaona mwenyewe.