Naombeni ushauri, vali ya friji inapoozaje bila joto kutoka?

Wakuu habari zenu, nasoma uhandisi mitambo mwaka wa kwanza na hii themodinamiki imenishika pabaya. Tabaini inatoa kazi, kompresa inakula kazi, nozeli inabadili presha kuwa spidi, hapo sina shida kabisa. Kinachonitesa ni ile vali ya kushusha presha kwenye friji, mwalimu anasema entalpi (nishati ya ndani ya kitu ukijumlisha presha mara ujazo wake) kabla na baada ni ileile, hakuna joto linalotoka wala kazi inayofanyika, sasa mbona kimiminika kinaingia vuguvugu kinatoka baridi kali?

Jana nimekesha na majedwali ya R-134a (kipoozeo kinachozunguka ndani ya friji), naona kwa presha ya kawaida ya hewa inachemka kwenye nyuzi -26 hivi, kwa hiyo nahisi sehemu yake inageuka mvuke palepale na joto la kugeukia inalichukua humohumo ndani, ndo maana yote inapoa. Nipo sahihi au nimepotea? Na mbona gesi kamilifu (ile ya kinadharia ambayo molekuli zake hazivutani) ikipita vali hiyohiyo jotoridi halibadiliki? Mwenye kujua anioneshe jinsi ya kuchora hii kwenye mchoro wa presha na entalpi tafadhali, nataka nielewe kweli sio kukariri, mtihani ni wiki ijayo.