Mrejesho: yule mtoto aliyeonekana figo zimejaa maji tumboni

Habarini wakuu, mimi ndo yule wa Moshi niliyeuliza kuhusu ultrasaundi ya wife, mtoto figo zote mbili zimejaa maji, kibofu kimenenepa na maji ya uzazi yamepungua. Kashazaliwa, dume, pale hospitali ya KCMC. Mkojo ulikuwa unatoka matone matone, hauruki, wakampitishia mpira mwembamba mpaka kibofuni na mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, aisee nilimshukuru Mungu palepale. Kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) ya siku ya kwanza hawakuitegemea maana bado inasoma ya mama, wakarudia baada ya siku mbili. Eksirei ya dawa, ile wanayojaza dawa kibofuni ndo wanapiga picha, ikaonyesha vali, vile vingozi vinavyoziba mfereji wa mkojo, huwapata watoto wa kiume tu, wakavikata kwa kamera bila kupasua tumbo. Mkuu uliyesema tusubiri itaisha yenyewe, figo moja ikivimba kidogo sawa mara nyingi huisha, ila zote mbili na kibofu kinene kwa dume hapana, anapimwa mara tu anapozaliwa. Sasa yupo kwenye antibayotiki dozi ndogo kila siku, na kliniki ni ya miaka mingi sababu figo zinaweza kuchoka hata njia ikishafunguka. Majibu ya kreatinini ya wiki ijayo nitayaleta.