Sumaku ipo kwenye hopa, unga bado una vumbi la chuma

Msagishaji: Wakuu, mashine ya kusaga ni ya nyundo, nguvu ya farasi 20, sumaku iko kwenye hopa (mdomo wa kumwagia mahindi). Nikipitisha sumaku nyingine kwenye unga uliosagwa, inatoka na vumbi jeusi. Sumaku imechoka? Na fimbo zake zinasafishwaje? Nikifuta kwa kitambaa vumbi linahama tu, halitoki.

Fundi Vinu: Mkuu, sumaku ya hopa inalinda mashine, hailindi unga. Inanasa misumari na nati zinazokuja na mahindi kabla hazijatoboa chekeche. Hilo vumbi linazaliwa ndani: nyundo na chekeche vinalika. Funga sumaku nyingine chini ya saikloni (pipa linalotenganisha unga na hewa), kabla unga haujaingia kwenye mfuko. Chukua fimbo za neodimi (aina ya sumaku kali) zilizovikwa chuma cha pua, safu mbili zilizopishana, nafasi ya sm 2.5 hivi kati ya fimbo na fimbo. Nguvu ya sumaku hushuka haraka mno kwa umbali, kwa hiyo unga ukipita mnene, chembe za katikati zinakwenda zake. Kagua nyundo pia. Kona moja ikilika, igeuze. Ukibadilisha, weka seti nzima yenye uzito sawa, la sivyo rota (mhimili unaozungusha nyundo) itatetemeka na kula beringi.

Mama Unga Safi: Kwenye kusafisha: zima mashine, toa fimbo, zipeleke mbali kabisa na unga. Vaa glavu nene, maana chembe zinachoma. Kamata fimbo kwa kiganja, sukuma vumbi lote hadi kwenye ncha isiyo na sumaku, hapo litaachia. Masalia yabandue kwa selotepu. Fimbo ambazo sumaku yake huchomolewa ni rahisi zaidi: vuta sumaku kutoka kwenye bomba lake, vumbi linadondoka lenyewe. Usigonge, neodimi hupasuka. Usipulize kwa kompresa, utalirudisha vumbi kwenye unga. Joto nalo, neodimi ya kawaida ikizidi nyuzi 80 hupoteza nguvu isiyorudi.

Safisha kila zamu. Vumbi likijaa, lile la juu linakuwa mbali na sumaku na unga unalikokota tena. Lipime kwa mizani kila mara. Likiongezeka ghafla, fungua mashine siku hiyohiyo, huenda nyundo inagusa chekeche.

Mpima Ubora: Nyongeza: kama unga umeongezwa virutubishi, angalia aina ya chuma kilichowekwa. NaFeEDTA (mchanganyiko wa kikemia wenye madini ya chuma) hainaswi na sumaku, lakini chuma tupu cha poda kinanaswa, usikihesabu kama uchakavu wa mashine. Mchanga na alumini havinaswi kabisa, hivyo vinahitaji kupepeta na kuchekecha mahindi kabla ya kusaga.